Vishkwambi vya kampuni kwenye shule ya msingi ya serikali hapa Ilemela, natoa nyota 2 kati ya 5

Naandika hii kwa wazazi wenzangu wa Mwanza, hasa nyie wa Kirumba, Pasiansi, Nyasaka, Buswelu mpaka huko Igombe na Kayenze maana nasikia hawa watu wanazidi kuzunguka mashuleni na shule nyingi zinakubali kwanza alafu maswali yanakuja baadae. Huduma yenyewe ni masomo kwa vishkwambi. Kampuni inakuja kwenye shule ya msingi ya serikali, inaleta vishkwambi vyenye programu ya Hisabati, Kiswahili na Kiingereza, wanawafundisha walimu kuvitumia, wanafunga na sola kidogo ya kuchajia, mtoto anapewa namba yake na paswedi ya picha basi anaanza kusoma. Jina la kampuni siweki na la shule pia siweki, walimu wa pale ni watu wazuri na sitaki mtu aitwe ofisini kwa sababu yangu. Mimi nina watoto wawili pale, binti yupo la tatu na kaka yake la sita, kwaiyo ninachosema nimekiona kwa watoto wangu mwenyewe.

Nianze na kizuri maana kipo. Ile sehemu ya kusoma Kiswahili kwa madarasa ya chini ni nzuri sana kiukweli. Binti yangu alikuwa anasoma kwa kudonoa silabi moja moja, akifika katikati ya sentensi ameshasahau mwanzo wake, sasa ile programu inasoma hadithi kwa sauti huku neno linalosomwa linabadilika rangi, mtoto anafuatilia kwa macho na kidole, akikwama analigusa neno lenyewe anasomewa tena hata mara ishirini na haichoki wala haimgombezi. Jioni moja nikamkuta kakaa kizingitini anasoma kipande cha gazeti nilichofungiwa vitumbua, anasoma habari ya mpira mwanzo mpaka mwisho, na anashusha pumzi kwenye nukta kama alivyosikia ile sauti inavyofanya. Nilifurahi sana. Nyota mbili ninazotoa zote zinatoka hapo na kwa madamu wake wa darasa la tatu ambae amejituma kuzielewa hizo tableti kuliko hata waliozileta.

Hisabati sasa ndo shida inapoanzia. Walituruhusu wazazi kuja kuangalia siku moja ya maonyesho nikakaa kwenye dawati pembeni ya binti yangu. Swali likaja, kuna picha ya tufaha limekatwa vipande vinne sawa, kimoja kina rangi, inauliza hiyo ni sehemu gani ya tufaha zima. Majibu yako matatu. Akabonyeza nusu, ikawa nyekundu, akabonyeza theluthi, ikawa nyekundu, akabonyeza robo, ikawa kijani na makofi yakapigwa na nyota zikamwagika kwenye kioo. Nikamuuliza binti yangu, kwanini ni robo? Akanijibu, kwa sababu imekuwa kijani. Nyumbani nikamkatia chapati vipande vinne nikamwambia ongeza kisu kila kipande kigawanyike tena mara mbili, sasa kimoja kinaitwaje, tukakaa hapo mpaka akapata mwenyewe kwamba ni moja ya nane, na akaanza kujiuliza mbona namba ya chini inakua kubwa wakati kipande kinakua kidogo. Hilo swali ndo hisabati yenyewe na kile kishkwambi hakikumpa nafasi ya kuliuliza, kilishampigia makofi kikampeleka swali linalofuata.

Alafu kuna maswali ya hela yenye sarafu ya senti 25. Mtoto wa Mwanza anaijua shilingi mia, mia mbili na mia tano, ananunua karanga kila siku na chenji anahesabu vizuri tu kuliko mimi, ukimletea senti 25 anakuwa mjinga kwenye kitu anachokijua. Inaonekana programu imetengenezwa kwa ajili ya watoto wa kwingine ikawekewa maneno ya Kiswahili juu yake, na mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 sikuona popote wamesema mada gani inaendana na ipi. Nilimuuliza madamu akasema anatafuta mwenyewe usiku mada inayofanana na anayofundisha wiki hiyo, kazi ambayo kampuni ndo ilitakiwa iifanye kabla haijaja.

Na darasani kwenyewe vishkwambi ni 40, watoto wamezidi mia. Kiwango cha serikali kwa msingi ni mwalimu mmoja kwa watoto 45 sasa hapo unaona tulivyo. Watoto wanashika watatu watatu, mwenye kidole chepesi ndo anabonyeza wengine wanaangalia, na kipindi cha dakika 40 kinakatika robo yake kugawa na kukusanya na kuhesabu maana kikipotea kimoja mwalimu anaandika maelezo. Umeme ukikatika siku mbili na mawingu yakiwepo ile sola haitoshi, siku hizo vinakaa kabatini.

Kitu ambacho kilinishtua zaidi ni hiki. Kuna ripoti mwalimu anatakiwa atume kila Ijumaa ya saa za matumizi, yani kila mtoto ametumia kishkwambi dakika ngapi. Saa zikiwa chini wanapiga simu shuleni. Kwaiyo kipindi cha michezo cha Alhamisi kikageuka kuwa kipindi cha vishkwambi, na stadi za kazi ikawa inaliwa nusu. Nikajiuliza hizo dakika zinamsaidia nani, maana mtoto akielewa ubaoni kwa dakika kumi haihesabiki popote, ila akibonyeza bonyeza saa nzima bila kuelewa chochote hiyo inahesabika na inapelekwa kwa wanaowapa mtaji kuonyesha watu wanavyoitumia huduma. Ratiba ya shule ya serikali imebadilishwa kwa ajili ya takwimu za biashara ya mtu, na hakuna mzazi aliyeulizwa hata mmoja. Mimi hilo siwezi kulinyamazia.

Tuje kwenye hela. Mwaka wa kwanza ilikuwa bure kabisa, tukapiga makofi, bango kubwa likawekwa getini na picha za watoto wetu wanacheka. Mwaka wa pili likaja tangazo la mchango wa hiari, 5,000 kwa mtoto kwa mwezi, ya leseni na bando. Wadau hebu tupige hesabu. Elimu msingi haina ada tangu Januari 2016, na serikali inaitengea shule ruzuku ya uendeshaji ya 10,000 kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka mzima, humo kuna vitabu, chaki, ukarabati, mitihani, kila kitu. Sasa kampuni moja, kwa masomo matatu tu, inataka kwa miezi miwili sawasawa na kile serikali inachotoa kwa mwaka. Ukihesabu miezi kumi ya masomo ni 50,000 kwa mtoto mmoja, mimi mwenye wawili ni laki moja, na hapo sijanunua sare wala madaftari wala sijatoa hela ya uji.

Na kwamba ni hiari, sawa, hakuna mtoto aliyerudishwa nyumbani nisiwasingizie. Ila waliolipiwa wamebandikwa kibandiko cha kijani kwenye daftari na ndo wanaoshika kishkwambi, wasiolipiwa wanakaa nyuma wanapewa zoezi la kunakili ubaoni. Kuna mtoto wa jirani yangu, baba yake anakwenda ziwani na msimu huu mambo ni magumu, alichukua kalamu ya kijani akajichorea mwenyewe kwenye jalada la daftari lake. Mama yake ndo alinionyesha lile daftari. Kakichora vizuri kimzunguko kimzunguko na nyota katikati. Shule ya serikali ndo sehemu pekee iliyobaki ambapo mtoto wa mvuvi na mtoto wa mwenye kiwanda cha minofu wangeweza kukaa dawati moja, ukianza kuwagawa kwa vibandiko darasa la tatu unawafundisha kitu kibaya sana ambacho hakimo kwenye mtaala wowote.

Mimi nafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni kwaiyo huu mtindo naujua. Tajiri anakuja kisiwani anampa kijana mtumbwi, nyavu na taa, anamwambia usiwe na wasiwasi utanilipa taratibu, kijana anashukuru. Baadae anagundua dagaa wote lazima amuuzie huyo huyo tajiri kwa bei anayoitaka yeye, na deni haliishi kwa sababu nyavu zinachanika anapewa zingine. Shule yetu imeshaanza hivohivo, walimu wameshapanga masomo kwa vishkwambi, vitabu vya kusoma vya zamani vimefungiwa stoo, maendeleo ya mtoto ya mwaka mzima yapo ndani ya programu ya kampuni, sasa ukisema uache unaacha na nini mkononi?

Kuhusu taarifa za watoto. Mwanzoni tulipewa fomu ya kurasa mbili, ya Kiingereza, mtoto anakuja nayo jioni inatakiwa kesho asubuhi. Inauliza namba ya simu ya mzazi, kazi yake, kipato anachokadiria, nyumba ni ya kupanga au yake, mtoto ana ulemavu au hana. Kumfundisha mtoto robo na nusu unahitaji kujua nimepanga au nimejenga? Wiki chache baada ya hapo wazazi tukaanza kupata meseji za mkopo wa elimu kwa majina yetu kamili, mpaka bibi mmoja anayelea wajukuu ambae simu yake anaitumia kupokea hela tu naye akapata. Nimeuliza sana hizo namba zimetokaje hakuna aliyenijibu. Wazazi jueni kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo inafanya kazi. Una haki ya kuambiwa taarifa zako zinakusanywa kwa ajili ya nini, na una haki ya kusema zisitumike kukutangazia biashara. Ukiletewa fomu ambayo huielewi irudishe iandikwe Kiswahili, mtoto hatofukuzwa kwa hilo.

Tukaitisha kikao, nawashukuru kamati ya shule kwa kukubali. Kijana wa kampuni alikuja kavaa vizuri, ana heshima, anaongea vizuri, anasema shule za umma zimechoka, zikiendeshwa kama kampuni matokeo yatapanda, mwalimu alipwe kwa alama za watoto, na mwalimu mkuu awe kama meneja. Mzee mmoja alisimama kule nyuma akamuuliza, mwanangu kampuni yenu ikipata hasara mwaka ujao mnafanyaje? Kijana akasema biashara zote zina hatari yake mzee wangu. Mzee akamwambia, basi wewe utafunga ofisi uhamie kwingine, hawa watoto wetu watakuwa wapo hapahapa darasa la nne na mtihani wa Taifa unawasubiri. Mimi nikauliza mkataba uko wapi na nani kasaini. Nikajibiwa mama mkataba ni wa kampuni na ofisi za juu, nyie mtapewa taarifa. Nikamwambia kijana wangu, taarifa tunapewa ya msiba, ya mtoto wangu naulizwa.

Baada ya hicho kikao nikakaa nikasoma sana, usiku kwa usiku, kwa sababu nilitaka kujua kama ni sisi tu. Kumbe Marekani kwenyewe ambako haya mambo yametokea wazazi wamegombana nayo miaka mingi. Mwaka 2010 Mark Zuckerberg wa Facebook alitangaza kutoa dola milioni 100 kwa shule za umma za mji wa Newark, alitangaza kwenye kipindi cha Oprah akiwa na meya na gavana, wazazi wengi wa Newark wakasikia kwenye TV kwamba shule zao zinabadilishwa. Hela nyingi zikapita kwa washauri, shule zikafungwa na kupangwa upya, na hasira ya wazazi ikawa moja ya ajenda kubwa kwenye uchaguzi wa meya wa 2014. Los Angeles nao mwaka 2013 walianza mpango wa kumpa kila mwanafunzi iPad, yani kishkwambi cha kampuni ya Apple, yenye masomo ya kampuni ya Pearson ndani yake, mpango wa karibu dola bilioni 1.3, ndani ya wiki chache watoto wameshatoa ulinzi wanaingia wanakotaka, na mwaka 2014 mkataba ukasitishwa baada ya barua pepe kuonyesha wakubwa wa elimu walikuwa wanaongea na Apple na Pearson kabla zabuni haijatangazwa. Yani masomo yalikuwa hayajakamilika hata kuandikwa yote na hela zimeshaanza kulipwa.

Na hii ya taarifa ndo inanipa nguvu zaidi. Kulikuwa na mfumo unaitwa inBloom, umewekewa dola milioni 100, sehemu kubwa kutoka taasisi ya Bill na Melinda Gates, kazi yake ni kukusanya taarifa za wanafunzi wa shule za umma sehemu moja ili makampuni ya programu yazitumie. Ulizinduliwa 2013. Wazazi wa kawaida wa New York na majimbo mengine wakauliza nani kawapa ruhusa, wakaenda mahakamani, wakaenda kwa wabunge wao, jimbo moja baada ya lingine likajitoa na Aprili 2014 inBloom ikatangaza inafunga. Hao walikuwa ni wazazi kama mimi na wewe walioamua kusoma fomu.

Hata lile wazo la kumlipa mwalimu kwa alama lilishapimwa. Taasisi hiyohiyo ya Gates iliweka hela nyingi kwenye wilaya kadhaa za Marekani, za kuwapima walimu na kuwapa motisha, mradi mzima ukafikia dola milioni 575 ukichanganya na hela za wilaya zenyewe, na mwaka 2018 watafiti wa RAND, taasisi ya utafiti ya hukohuko Marekani, wakatoa ripoti kwamba matokeo ya wanafunzi hayakupanda kama ilivyotarajiwa. Sasa kama hela zote hizo hazikufanikisha, hawa wanaokuja Ilemela na slaidi kumi watueleze wao wana kipi tofauti.

Tusiende mbali sana, hapa hapa ziwani tumeona. Bridge International Academies walianza Kenya 2009, shule za ada ndogo, mwalimu anashika kishkwambi anasoma somo lililoandikwa ofisini neno kwa neno. Wakavuka Uganda, serikali ya Uganda mwaka 2016 ikaagiza shule zao zifungwe kwa kutokufikia viwango na vibali, na Mahakama Kuu Novemba mwaka huohuo ikakubaliana na serikali. Zile zilikuwa shule zao wenyewe sio za umma, ila mwalimu wa kusomea kwenye kioo ni huyohuyo wanaetaka kutuletea.

Mimi teknolojia siipingi kabisa na mtu asije akanielewa hivyo. Tanzania hii hii kulikuwa na mashindano ya Global Learning XPRIZE kule vijijini Tanga, watoto karibu 3,000 ambao hawaendi shule wakapewa vishkwambi vyenye programu za Kiswahili, wengi wao hawajui kusoma hata neno moja, na mpaka mwaka 2019 yanaisha watoto wameanza kujua kusoma na kuhesabu. Zawadi kubwa ya dola milioni 10 wakagawana washindi wawili, watengenezaji wa programu za onebillion na Kitkit School. Na sharti la mashindano lilikuwa programu za waliofika fainali ziachiwe wazi, mtu yeyote azichukue bure azitumie na azibadilishe. Sasa niambie, kama zipo programu za kusoma Kiswahili zilizojaribiwa hapahapa Tanzania na ni bure, kwanini mzazi wa Kirumba alipe 5,000 kila mwezi kwa yenye senti 25? Na walimu wetu walishapewa vishkwambi na serikali baada ya sensa ya 2022. Vingine vipo shuleni pale pale. Nilimuuliza mwalimu wa taaluma kama kuna mtu alishawahi kuwaletea mafunzo ya kuweka programu hizo za bure kwenye vishkwambi walivyonavyo, akasema hapana.

Alafu njoo uangalie vyoo. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Sisi hatupo hata karibu na hapo. Wasichana wa la sita na la saba wakiwa kwenye siku zao wengine wanabaki nyumbani kwa sababu mlango haufungi na maji hakuna, na ziwa lote lile tunaliona kutoka kwenye mawe ya juu ya shule. Niliuliza kwenye kikao mbona kampuni isianze na hilo, kijana akasema sio eneo lao la kazi. Naelewa, choo hakina leseni ya kila mwezi. Kuna kiwanda kimoja cha samaki miaka ya nyuma kilituletea madawati, wakashusha kwenye lori, wakapiga picha na mwalimu mkuu, wakaondoka, hawakuomba namba ya simu ya mtu na madawati mpaka leo watoto wanakalia. Mfanyabiashara akitaka kusaidia shule ya umma njia ni hiyo, toa, ondoka, waache wenye watoto na walimu waamue kipindi cha Alhamisi kifanyike nini.

Kwa wanaouliza je wakubali wakija kwenye shule yao, mimi nasema msifunge mlango ila msifungue kabla ya kusoma. Dai mkataba kwa Kiswahili, usomwe kwenye mkutano wa wazazi wote kabla ya bango halijapanda. Ulizeni mwaka wa pili bei gani na mwaka wa tatu bei gani, iandikwe. Ulizeni mkiacha, vishkwambi vinabaki au vinaondoka, na kumbukumbu za watoto zinafutwa au zinaenda wapi. Mwalimu wa darasa aulizwe peke yake bila mkubwa wake kuwepo, yeye ndo anajua kama kitu kinafundisha au kinachosha. Na mtoto ambae mzazi wake hajalipa ashike sawa na mwenzake, hilo likishindikana wafungashe waende maana sisi watoto wetu wote ni wa shule moja.

Huduma kwa wateja nayo siwezi kuisifia, namba waliyotuachia ukipiga inaita mpaka inakata, ukituma meseji unajibiwa tu kwamba ujumbe wako umepokelewa. Yule kijana wa kikao mwenyewe ni muungwana na alinipokelea simu yake binafsi mara zote, ila maamuzi sio yake na yeye mwenyewe alishaniambia.

Hali ilipo sasa, kamati imeandika barua kwa afisa elimu kata na nakala kwa mkurugenzi wa manispaa kuomba nakala ya mkataba na kuomba vibandiko viondolewe wiki hii. Vibandiko vimeshaanza kubanduliwa, madamu wa la tatu alianza darasani kwake bila kusubiri barua irudi. Mkataba bado. Sijalipa ya mwezi huu na wazazi wengi hatujalipa, tumekubaliana hivyo mpaka tuusome. Vitabu vimetolewa stoo, vumbi limefutwa, na binti yangu amekuja na kimoja nyumbani anamsomea kaka yake. Mkataba ukija na wakaweka shilingi mahali pa senti nitarudi hapa kuongeza nyota ya tatu, kwa ile sehemu ya kusoma wanastahili.